Ami Awadh na Sinia la Wakwe

Nikuulize, na unijibu bila kuzunguka: ukialikwa harusini, ukakaa kwenye sinia moja na watu watatu, ukala nyama yote ukawaachia wali, wewe ni mgonjwa au ni mwizi?

Mtaa wetu wa Shela hapa Malindi ulilibishania swali hilo karibu mwaka jana mzima. Wapo waliosema ni mgonjwa, asamehewe. Wapo waliosema ni mwizi, na kwamba paja la mbuzi likishaliwa na mtu mmoja, hakuna cheti cha daktari kitakachowarudishia wengine. Aliyekuwa akibishaniwa ni Ami Awadh, mshona kofia, ambaye mimi nimepanga chumba cha uani kwake. Naitwa Dena, kwetu ni Ganze, na kwa kuwa nilikula naye, nikambebea masinia na nikagombana naye, nadhani nina haki ya kumweleza.

Ami Awadh hushona kofia nyeupe za mkono, zile zenye vitobo vidogo vidogo vinavyochora maua. Kila kitobo hutobolewa, kikazungushiwa uzi, kikakazwa. Kofia moja humaliza miezi. Huzishonea barazani, mbele ya nyumba, miwani ikiwa nchani mwa pua, na hana haya na mteja. Niliwahi kumwona akimvua kofia bwana mmoja aliyeivaa imelala sikioni. Akamwambia, "Hii si sufuria ya kufunikia. Ukijifunza kuivaa, njoo uichukue." Yule bwana aliondoka kichwa wazi na wiki iliyofuata akarudi na adabu zake.

Kisha ikaja sukari. Kwa Ami ilianza na kiu, ikafuata miguu kufa ganzi, na mwisho ikapanda machoni. Hilo la macho hakulisema kwa mtu. Lakini mimi naamka mapema, na kila asubuhi nilimwona mkewe, Mama Rufaida, akikaa uani na kuzitia uzi sindano moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye kimto kidogo, kisha akikipeleka barazani na kukiweka chini ya mguu wa mumewe kama mtu anayeficha bangi. Wapita njia walimwona fundi akishona. Hawakujua kwamba zikimwishia sindano zenye uzi, kazi ya siku imekwisha. Mtu aliyeishi kwa vitobo alikuwa havioni tena vizuri, na aliogopa siku mtaa utakapojua.

Daktari wa zahanati alimpa vidonge, akamwambia maneno ambayo hata mtoto angeyashika. Ale nafaka isiyokobolewa, kiasi cha ngumi yake. Nusu ya sahani iwe mboga. Asimeze vidonge akakaa na njaa. Na akitaka kubadili chakula kwa njia nyingine yoyote, arudi waongee kwanza, kwa sababu dawa nayo itabidi ipimwe upya.

"Ngumi ya nani?" Ami aliniuliza aliporudi. "Ya daktari, ile laini kama ya bibi harusi, au ya marehemu babangu aliyekuwa mpagazi?"

"Yako, Ami."

"Yangu imepungua kwa sababu ya ugonjwa. Sasa na chakula kipungue? Hiyo ni haki?"

Hapo ndipo alipoingia Kambi. Huyu Kambi ni kijana anayefundisha mazoezi katika hoteli moja ya ufukweni. Alianza kwa kuwahubiria wageni wa Kitaliano waache pasta. Waitaliano walimsikiliza kwa heshima, wakamlipa, wakaenda kula pasta. Ndipo akatugeukia sisi. Akawa anatuma sauti kwenye simu za wazee wa mtaa kila baada ya alfajiri, kabla hata watu hawajasalimiana.

"Wanga ni adui, wazee wangu. Ukila wali, umekula sukari iliyojificha. Ukila sima, umekula sukari iliyovimba. Chapati ni sukari iliyolala kifudifudi! Kula nyama, kula mayai, kula samaki, kula mafuta. Na kama unataka mkate, ninao unga wa lozi, bei ni ya kusaidiana."

Bei hiyo ya kusaidiana sitaitaja. Niseme tu kwamba aliyekuwa akisaidiwa ni Kambi.

Mimi nilikasirika. Mimi ni mtu wa nafaka nzima, na nitakufa nikiwa hivyo. Niliketi barazani nikamweleza Ami kwa kirefu jinsi sisi Wakenya tunavyochukua hindi zuri, tukalipeleka kinuni kukobolewa, pumba tukampa kuku. Kuku akapata afya, sisi tukapata sukari, kisha tukamla kuku na kusema nyama ndiyo yenye nguvu. Nikamweleza kuhusu mikate ya dukani iliyopakwa rangi ya kahawia ili ifanane na afya. Nikamwambia arudi kwa mkate wa mofa, wa mtama, waliokula babu zake.

"Na huyo Kambi wako," nikasema, "aende Ganze akafundishe. Mvua zikikata, kwetu watu huacha wanga bila kuhubiriwa. Mama yangu ameuacha misimu mingi. Hakuna aliyekuja kumpiga picha kabla na baada."

Ami alitafuna kidogo, akanitazama. "Mwanangu Dena, usinitie majonzi nikiwa na mofa mdomoni."

Ukweli ni kwamba mofa alikuwa nazo tele. Bi Shekha, shangazi yake Mama Rufaida, ndiye mpishi mkuu wa harusi za mtaa, na ana tanuri lake la mofa uani. Aliposikia daktari ametaja nafaka isiyokobolewa, alilipokea kama ushindi wa ukoo. Kila jioni zikaja mofa za moto zimefunikwa kitambaa, na asali bakulini. Ami alikula ya kwanza kwa dawa, ya pili kwa kumheshimu Bi Shekha, na zilizobaki kwa sababu zilikuwepo.

"Ami, hiyo asali daktari aliisema?"

"Daktari hakuikataza."

"Ulimuuliza?"

"Mtu haulizi swali ambalo jibu lake analijua."

Sasa, mtu mwenye akili zake angechagua. Angeshika njia ya daktari na ngumi yake, au angerudi zahanati aseme nataka kuacha wanga, nielekezeni. Ami Awadh hakuchagua. Alizichukua njia zote mbili, akazigawia mahali. Nilikuwepo alipomtangazia mkewe.

"Kwa watu, nitakula kama alivyosema Kambi. Nyumbani, nitakula kama alivyosema daktari."

Mama Rufaida aliweka chini mwiko. "Yaani nyama za watu, mofa zetu."

"Afya haitaki ubishi, Rufaida."

"Afya gani inayojua nyumba ya mtu na nyumba ya mwenzie?"

Ndivyo yalivyoanza mambo ya masinia. Sina haja ya kumweleza mtu wa pwani, lakini kama unasoma hapa ukiwa bara, jua kwamba harusini wanaume hukaa jamvini, watu wanne kwa sinia moja, wali chini na nyama juu katikati. Kila mtu hula upande wake. Nyama humegwa na mmoja akawasogezea wenzake, na wa kwanza kuikimbilia huonekana hakulelewa. Ami Awadh alikuwa amelelewa vizuri sana. Aliimega nyama kwa mkono wa kistaarabu, akawasogezea wenzake wali, akabaki na nyama.

"Mimi siruhusiwi wali," alieleza, akinyonya mfupa. "Ningependa, lakini siruhusiwi."

Mara ya kwanza walimwonea huruma. Baadaye, akiingia harusini, ungeona watu wamekumbuka ghafla kunawa mikono. Wengine walipokea simu zisizolia. Wakampa jina la Simba. Kijana mmoja fundi baiskeli aliapa mbele yangu kwamba ataoa siku Ami Awadh akiwa amesafiri. Na ile sukari, kwa kuwa haina adabu, ikawa leo iko juu, kesho iko chini. Kimto cha sindano kikazidi kunenepa.

Ndipo binti yake akachumbiwa. Mume alitoka Mambrui, mtoto wa Mzee Faiz, mwuza mbao, mtu mzito wa mwili na maneno. Ami aliahidi mbele ya watu kwamba bwana harusi atavaa kofia iliyoshonwa kwa mkono wa mkwewe. Mimi niliiona kofia hiyo ikianza vizuri, maua yake yakizunguka kama yaliyopigwa na mashine. Kisha niliona maua yakianza kulegea. Kisha nikaona Ami akifumua. Siku ya nikaha ilifika kofia ikiwa nusu. Kijana akaoa na kofia ya dukani, na kila mtu aliyekuwa msikitini aliitazama ile kofia kabla ya kumtazama kijana.

"Naitaka iwe kamili," Ami alikuwa akisema. "Kazi nzuri haina haraka." Watu walimwamini, ama walijifanya.

Karamu ilikuwa baada ya adhuhuri, chini ya turubai lililoziba njia nzima. Asubuhi yake Mama Rufaida alimshika mumewe uani, nami nilikuwa nikiosha masufuria hatua chache kutoka pale.

"Leo unakaa na mkwe. Sinia la wakwe ni la watu wawili, na watu wote watakuwa wakiwatazama. Ukimmalizia Faiz nyama mbele ya watu wa Mambrui, binti yako ataitwa binti wa Simba mpaka azeeke."

"Sitaigusa nyama."

"Apa."

"Wallahi sitaigusa."

Akameza vidonge vyake na maji matupu. Chai hakuinywa, kwa kuwa alitaka, alisema, tumbo liingie karamuni likiwa na adabu.

Vijana wa mtaa ndio tuliokuwa tukibeba masinia. La wakwe nililibeba mimi. Bi Shekha alilipamba mwenyewe: biriani yenye zafarani, mguu mzima wa mbuzi, zabibu, vitunguu vya kukaanga, na bakuli la kachumbari pembeni. "Ukilimwaga," aliniambia, "nawe rudi Ganze."

Sikulimwaga. Nililiweka katikati ya wazee wawili, nikasimama karibu na birika la kunawia.

"Karibu, mkwe," akasema Ami Awadh.

"Ahsante, mkwe. Anza wewe, mwenyeji."

"Wewe mgeni."

"Sisi sote ni kitu kimoja sasa. Anza."

Ami akapeleka mkono. Ukapita nyama kwa mbali, kwa sababu ya kiapo. Ukaukwepa wali, kwa sababu ya Kambi. Ukatua kwenye kachumbari. Mzee Faiz akautazama mkono huo kwa makini. Kisha wake nao ukafanya safari hiyohiyo: ukapita nyama, ukakwepa wali, ukatua kwenye kachumbari.

"Kachumbari nzuri," akasema Mzee Faiz.

"Nyanya za Mto Sabaki," akasema Ami Awadh.

"Ule nyama, mkwe."

"Ule wewe, nimeshiba kwa furaha. Chukua wali basi."

"Wali nitauchukua sasa hivi. Hebu hiki kitunguu kwanza."

Niliitwa kuongeza kachumbari. Nikaongeza. Nikaitwa tena. Masinia mengine yote yalikuwa yanang'aa, watu wanalamba vidole, na pale katikati wazee wawili wenye kanzu safi wanachungulia mlima wa biriani na kutafuna pilipili. Nilipoambiwa niliondoe sinia, lilikuwa zima kama lilivyotoka jikoni, ila kwa bakuli la kachumbari, ambalo lingeweza kurudishwa kabatini bila kuoshwa.

Kama hujawahi kurudisha sinia la wakwe limejaa kwenye jiko la wanawake wa Malindi, usijaribu.

"Limerudi!" akapiga kelele mmoja. "Sinia la Faiz limerudi!"

Bi Shekha alikaa kitako juu ya gunia la vitunguu. "Wamesusa. Watu wa Mambrui wamesusa chakula changu."

Mwanamke wa upande wa Mambrui aliyekuwa akipakua sherbeti akajibu hapohapo, "Nani kasusa? Awadh wenu ndiye aliyesusa! Tumemwona. Hakutia hata punje mdomoni. Kama hamkutaka kutuoza si mngesema?"

"Sisi tumewapikia mbuzi!"

"Mbuzi wa kutazamwa!"

Maneno yakatoka jikoni yakafika turubaini upesi kuliko mimi. Wanaume wakaanza kunyamaza kwa makundi. Kule kwenye jamvi Mzee Faiz alikuwa amekunja uso, na nilimsikia akisema, "Mkwe, kama kuna neno juu ya hii ndoa, tulisikie leo."

Nikamtazama Ami Awadh. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni, na mkono uliokuwa umeshika tasbihi ukitetemeka hivi kwamba shanga zililia. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Akainama taratibu kama mtu anayetafuta kitu jamvini, akalala ubavu.

Hapo mtaa wetu ulionyesha elimu yake. Mmoja akasema ni jini, limekasirika kwa kuwa halikualikwa. Mwingine akasema ni hasidi kutoka upande fulani, na akautazama upande fulani. Kambi, ambaye naye alialikwa na alikuwa na sahani yake ya nyama tupu, alisema kwa sauti ya mtaalamu kwamba ni mwili unatoa sumu, apewe mafuta ya nazi. Mimi mwenyewe, na mahubiri yangu yote ya nafaka nzima, nilisimama na birika mkononi.

Mzee Faiz ndiye aliyemkamata kichwa. "Sherbeti!" akanguruma. "Yenye sukari! Leteni, acheni majini yenu. Huyu kameza vidonge na hajala!"

Tulimnyanyua, akanywa kidogo kidogo, nusu ikimwagikia kanzu. Baada ya muda macho yake yakarudi. Mzee Faiz akamlisha wali kwa mkono wake mwenyewe, tonge ndogo ndogo, kama anamlisha mtoto.

"Umejuaje, Mzee Faiz?" akauliza Mama Rufaida, ambaye alikuwa amekuja mbio mpaka upande wa wanaume bila kujali mtu.

Mzee Faiz akatazama chini. "Yalinipata mimi mwezi uliopita. Mimi pia nina sukari. Nami nimeacha wanga."

"Na nyama? Mbona hukula nyama?"

"Mke wangu aliniapisha. Alisema nikila nyama peke yake kwa wakwe nitamwaibisha. Kule Mambrui wananiita Chui."

Nadhani fundi baiskeli ndiye aliyecheka kwanza. Kisha turubai lote. Jikoni Bi Shekha alipopewa habari alisema hajaona wanaume wazima wakikaribia kuvunja ndoa kwa nyanya, na akaamuru lile sinia lilipwe kwa kuliwa. Sisi wabebaji tulililipa. Kambi alitoweka. Kesho yake nilisikia amehamia kwenye kuhubiri juu ya maji ya ndimu.

Lakini nataka kusema nilichokiona asubuhi iliyofuata harusi, maana kicheko cha harusi hakimponyi mtu.

Mzee Faiz alikuja mapema kumjulia hali mkwewe. Wakaketi barazani. Mama Rufaida akawaletea mofa moja, maharage, samaki wa kuchoma na mchicha, na hakuleta asali. Ami akaikata mofa vipande viwili, kimoja kikawa kikubwa kidogo.

"Chukua hiki, mkwe," akasema, akisogeza kikubwa.

"Hapana, hicho chako. Wewe ndiye ulianguka jana."

"Wewe mgeni."

"Wewe mwenyeji."

Kile kipande kikaenda na kurudi juu ya sahani, kila mmoja akikiogopa, mpaka kunguru akashuka kutoka ukutani akakichukua, akaenda kukila juu ya waya wa umeme mbele ya macho yetu. Wote wawili walimtazama mpaka alipomaliza.

"Huyo hana sukari," akasema Mzee Faiz. Kisha, bila kumwangalia Ami, "Mkwe, kijana ameoa na kofia ya dukani. Mambrui wameniuliza. Sikuwa na la kuwaambia."

Ami akaniagiza ile kofia ya nusu ndani. Nikaileta na kimto chake. Kimto kilikuwa kitupu. Kwa uchovu wa harusi Mama Rufaida hakutia uzi hata sindano moja. Kulikuwa na sindano tupu na kibunda cha uzi. Ami akailowesha ncha ya uzi mdomoni, akainua sindano kwenye mwanga, akalenga. Uzi ukapita pembeni. Akalowesha tena. Ukapita pembeni. Niliona Mama Rufaida mlangoni, mkono mdomoni, hathubutu kusogea. Watu wa sokoni walikuwa wakipita na vikapu vyao, wakisalimia.

"Sioni, mkwe," akasema Ami Awadh, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ndiyo sababu."

Mzee Faiz akampokonya sindano, akainua, akalenga. Akakosa. Akavuta miwani yake mfukoni, akavaa, akakosa tena. Wakatazamana.

"Tangu lini?" akauliza Ami.

"Tangu nilipoanza kukosea kupima mbao." Akaichomeka ile sindano kwenye kofia, akaikabidhi kwa Mama Rufaida, akasimama. "Vaa viatu. Zahanati inafungua sasa."

Mama Rufaida akaingia, akatoka na mofa nyingine na samaki amevifunga kitambaani, kwa sababu ya vidonge. Wale wazee wawili wakashuka njiani wameshikana mikono. Kabla hawajapinda kona nikawaona wamesimama, kila mmoja amekunja ngumi ameiinua mbele ya uso wa mwenzake. Mwuza maji akaachilia mkokoteni wake, akakimbia kuwaamua.

"Tuache," nilimsikia Ami Awadh akimfokea. "Tunapimana chakula."